Rhoda Salmela, Mwaka Ruzuku Ilipokwama

Asubuhi ile nilikuwa na hakika kabisa kwamba mume wangu Reino kanitilia petroli kwenye kahawa. Si kwa ubaya. Reino ana tabia ya kufungua injini ya kigari chake cha theluji juu ya meza ya jikoni, halafu kuosha vifaa vyake popote penye maji. Nilipiga funda moja, nikatema kwenye sinki, nikamrushia kitambaa cha vyombo.

"We Reino! Umeoshea vyuma vyako kwenye birika langu?"

"Birika gani? Mimi birika hata silijui linakaa wapi."

Hilo lilikuwa kweli. Katika maisha yetu yote ya ndoa sikumbuki kumwona akilishika. Akainuka, akafungua bomba, akainama, akanusa. Akafunga bomba polepole kama mtu aliyemkanyaga paka.

"Signe, si mimi," akasema. "Ni maji."

Harju, kijiji chetu, kiko kaskazini kabisa mwa Michigan, karibu na Ziwa Superior, na hatuna bomba la mji. Kila nyumba ina kisima chake. Kisima kikiharibika ni shida yako wewe na Mungu wako, na mtu mwingine mmoja tu, naye ni Rhoda Salmela, aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwangu. Nikavaa koti nikaenda kumgongea.

Rhoda alizaliwa hapa hapa. Baba yake, Urho, aliendesha malori ya magogo. Mama yake alifariki Rhoda akiwa bado anasuka nywele mikia miwili. Akasoma, akaenda chuo Marquette, na tofauti na wenzake wote waliokwenda chuo, akarudi. Akaajiriwa na idara ya mazingira ya jimbo. Kazi yake ilikuwa kupita vijijini na msituni akichota maji kwenye mito na visima, kuyapeleka maabara, na kukagua matangi ya mafuta yaliyofukiwa ardhini. Mshahara wake haukutoka jimboni hasa. Ulitoka kwenye ruzuku ambayo serikali kuu huzipa idara za majimbo kwa kazi ya namna hiyo. Yeye mwenyewe alipenda kulieleza jambo hilo kwa mzaha: "Kodi zenu zinakwenda Washington, zinatembezwa huko mpaka zinachoka, halafu zinarudi nyumbani kidogo kidogo. Mimi nimedandia kwenye hicho kinachorudi."

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega ya baba yake, mwepesi wa kucheka. Lakini alikuwa na jambo moja ambalo kijiji kizima kililijua na hakuna aliyelitaja mbele yake. Aliwahi kuolewa na Kalle Lahti, mtoto wa pekee wa Bibi Helvi mwenye kituo cha mafuta. Ndoa ile haikufika mbali. Siku moja Kalle alikwenda Wisconsin kutafuta kazi, akaipata, akapata na mwanamke, akakaa huko huko. Sisi sote tuliona kosa ni la nani. Bibi Helvi aliona vingine.

"Mwanamke gani anashinda msituni na vichupa vya matope," alikuwa akisema, tena kwa sauti, mbele ya wateja. "Mume akae na nani? Na jiko?"

Basi wakaishi kijiji kimoja bila salamu. Rhoda akawa anakwenda kujaza mafuta mji wa jirani, mwendo mrefu, wakati kituo cha Helvi kilikuwa mkabala na posta, anakiona kutoka kibarazani kwake.

Nilipomweleza habari ya maji, Rhoda hakucheka. Alikuja na vichupa vyake, akachota kwangu, akachota kwa jirani zangu wa huku na huku. Majibu ya maabara yaliporudi yalisema kile ambacho pua zetu zilikwisha kusema. Petroli. Tusinywe, tusipikie, na kuoga tuoge haraka madirisha yakiwa wazi, jambo ambalo kwetu wakati wa vuli, baridi ikianza, ni adhabu.

Na tangi la petroli lililojulikana Harju lilikuwa moja tu.

Rhoda alimpigia simu mkuu wake, Bwana Truax, akamwomba amtume mtu mwingine. Nilikuwepo, nilisikia upande wake wa mazungumzo. "Ni mama mkwe wangu, bwana. Alikuwa. Ndiyo, najua niko peke yangu huku. Hapana, wa makao makuu Lansing hawezi kuja kila siku. Najua." Akaweka simu akanitazama. "Shoga, heri wangenituma kupima maji ya kuzimu."

Akaenda. Walilipima tangi la Helvi kwa mtambo wa kuvuta hewa, na kipimo kikawa kinapanda na kushuka, hakisemi ndiyo hakisemi hapana. Tangi lilikuwa la zamani. Uamuzi ukatoka juu: pampu zifungwe kwa muda mpaka vichimbwe visima vya uchunguzi kuzunguka kituo, ijulikane petroli inatoka wapi. Aliyetakiwa kufunga kufuli ni Rhoda.

Nilikuwa ndani ya duka la kituo siku ile, nanunua kiberiti. Bibi Helvi alikuwa amekaa kwenye stuli yake nyuma ya kaunta, mdogo, mkavu, nywele nyeupe kazibana kwa nyuma. Rhoda akaingia, akavua kofia.

"Mama, habari za asubuhi."

"Mama yako yuko makaburini. Unataka nini?"

Rhoda akamweleza. Alieleza vizuri, kwa upole, hakuficha kitu. Helvi alimsikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia juu ya kaunta.

"Kwanza ulinipotezea mwanangu," akasema. "Sasa umekuja kunichukulia na pampu. Bado nini? Paka yuko pale dirishani, mchukue naye."

"Ni kwa muda, Mama. Mtambo wa kuchimba utakuja kabla ardhi haijaganda. Kama si tangi lako, nitafungua mimi mwenyewe."

"Na kama ni langu?"

"Kama ni lako, tutaona."

"Tutaona," Helvi akarudia, akamwiga sauti. "Haya, nenda kafunge. Nyanyua miguu basi."

Kijiji kikagawanyika, kama ilivyo desturi ya kijiji. Jumapili, kwenye ukumbi wa chini ya kanisa ambako tunakunywa kahawa baada ya ibada (kahawa ya maji ya kuletwa, siku hizo), wengine walinong'ona kwamba mkwe kalipiza kisasi. Wengine walimgeukia Helvi. Jirani yangu mmoja akasema Bibi Helvi katuuzia petroli mbele na nyuma, mbele kwa pampu na nyuma kwa bomba la jikoni, na watu wakacheka kuliko ilivyostahili. Mchungaji Lindqvist, kijana bado, mwenye nia njema na ulimi usiotulia, akaenda kumtembelea Helvi nyumbani kumshauri kwamba kukiri kunautua moyo mzigo. Helvi alimfungulia mlango, akamsikiliza, akamfungia mlango.

Halafu ruzuku ikakwama.

Huko Washington walikuwa wanagombania bajeti. Sisi tulizoea kuyasikia mambo hayo redioni na kuzima redio. Safari hii hayakuzimika. Rhoda alikuja kwangu mchana mmoja, theluji ya kwanza ikiwa imekwisha kuanguka, akaketi bila kuvua buti. Mimi sipendi buti jikoni mwangu, lakini niliuona uso wake nikanyamaza.

"Truax kapiga simu," akasema. "Ruzuku haijatoka. Mtambo hauji. Gari la idara nilirudishe. Na mimi nikae nyumbani mpaka niitwe."

"Mpaka lini?"

"Hata yeye hajui. Anasema kama ningekuwa namjua mtu Washington nimpigie."

Reino akasogeza injini yake pembeni, akamkatia kipande cha mkate wetu wa iliki. Rhoda akakishika tu, hakula.

"Utapata kazi, mwanamke kama wewe," Reino akasema. "Hata shuleni wanataka mtu."

"Si kazi, Reino. Nitaosha vyombo, nitazoa theluji, sitakufa." Akaweka mkate chini. "Nimemfungia bibi wa watu riziki. Nilimwambia kwa mdomo wangu, mtambo utakuja kabla ardhi haijaganda. Sasa ardhi inaganda. Atakaa baridi yote pale dirishani akiangalia kufuli langu, na mimi sina hata cha kumwambia, kama ana kosa au hana. Angekuwa na kosa likajulikana, lingekuwa neno moja. Hivi alivyo, si mwizi si mtu safi."

Nilimjazia kikombe.

Ndipo ikaanza ile baridi ambayo watu wa Harju hata leo wakitaja "mwaka wa madumu" kila mtu anajua. Kikosi cha zimamoto cha mji wa jirani kilikubali kutupa maji safi, ila tukayachukue wenyewe. Rhoda alipata kazi ya kuosha vyombo shuleni, akitoka huko anaingia kwenye pikapu lake bovu la baba yake, anakwenda kujaza madumu, anayapitisha nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyemtuma. Sisi wengine tulikuwa tukisaidiana naye siku hali ya hewa ikiruhusu, lakini siku za dhoruba ulikuwa ukisikia mlio wa lile pikapu peke yake barabarani, likikohoa.

Kisima cha nyumba ya Bibi Helvi, upande huu wetu, nacho kilikuwa kinanuka. Rhoda alipompelekea dumu mara ya kwanza, mlango ulifunguka upana wa mkono.

"Peleka maji yako kwa wanaokupenda."

"Mama, unakunywa nini?"

"Nayeyusha theluji. Mama yangu aliyeyusha theluji. Hakuna aliyemletea dumu."

Mlango ukafungwa. Rhoda akaliacha dumu kibarazani. Keshoye akakuta limeganda, limepasuka ubavuni, barafu imetokeza nje kama ulimi. Akaliondoa, akaweka jingine. Nalo likapasuka. Mimi nilimwambia aache, bibi huyo ni jiwe, kila mtu anamjua. Akaniambia, "Signe, mimi nilikaa naye nyumba moja. Ukimwacha, ndiyo anakuwa jiwe."

Dumu la tatu alikuwa analishusha kwenye pikapu wakati mlango ulipofunguka wote, hadi ukutani, na Helvi akasimama pale na aproni yake, mvuke unamtoka kinywani.

"Yaani hata maji hujui kuyapeleka! Unaona yanaganda, unaweka tena pale pale! Nani aliyekufundisha kazi? Ingiza ndani, mjinga wewe, unaniingizia baridi!"

Rhoda akaingiza ndani. Alinisimulia baadaye kwamba alisimama katikati ya jiko lile alilolijua kila sahani yake, hajui aweke mikono wapi, na Helvi akamsukumia kiti kwa mguu.

Hawakupatana siku ile. Nataka niseme hivyo kwa sababu watu wakisimulia wanaruka hapo. Walikaa, wakanywa kahawa, Helvi akamtukana Truax, ambaye hamjui, na serikali, na mtu aliyevumbua petroli. Siku nyingine Rhoda aliporudi na dumu, walikaa tena. Ikawa desturi. Na siku moja katikati ya baridi, Helvi alimuuliza waziwazi.

"Niambie kweli. Ni tangi langu?"

"Sijui, Mama."

"Najua hujui. Nakuuliza unaona nini."

Rhoda anasema alitamani kusema hapana. Neno lilikuwa jepesi, lingemgharimu nini? Lakini akasema, "Naona huenda ni lako."

Helvi akaitikia kwa kichwa.

"Afadhali umesema," akamwambia. "Mchungaji anakuja hapa ananishika mkono, ananipigapiga kama farasi mgonjwa. Wewe angalau unaniambia." Akainuka kuosha vikombe, na akiwa amempa mgongo akaongeza, "Kalle hapigi simu. Hata Krismasi hakupiga. Nilidhani wewe ndiye uliyemfundisha kunyamaza. Kumbe ni yeye tu."

Rhoda alichukua kitambaa akakausha vikombe.

Niseme pia kwamba baridi ile ilimla Rhoda. Alikonda. Mikono yake ilipasuka kwa sabuni ya shule na kwa baridi ya madumu. Kuna siku nilimkuta ndani ya pikapu, injini imezimwa, ameshika usukani tu. Nilidhani amezirai. Kumbe alikuwa anapumzika kabla ya kushuka. Nikamwuliza anawaza nini. Akasema anawaza, kama ruzuku isipotoka kabisa, nani atakuja kujua petroli ile inaelekea wapi. Kwamba iko chini yetu inatembea, na haisubiri mtu apige kura.

Theluji ilipoanza kulainika na maji kudondoka mapaani, simu ililia jikoni shuleni. Mpishi mkuu, mama mmoja mnene anayeitwa Maxine, alipokea, akapaza sauti: "Rhoda! Kuna bwana anaitwa Truax! Anasikika kama amelewa!"

Hakuwa amelewa. Alikuwa anafurahi, na hakuzoea. Rhoda akashika simu kwa mikono yenye povu. Bajeti imepita. Ruzuku imetoka, ya idara zote za majimbo. Arudi kazini, achukue gari lake, mtambo wa kuchimba utaletwa mara tu barabara zikibeba uzito. Rhoda akasema "ndiyo, ndiyo, ndiyo," akaweka simu, akamkumbatia Maxine kwa mikono ile ile yenye povu, na Maxine, ambaye hakuelewa chochote, akaanza kulia naye. Watoto waliokuwa kwenye foleni ya chakula walisubiri kidogo siku hiyo.

Kwetu alipita akipiga honi toka mwanzo wa barabara. Reino alitoka nje bila koti. "Zimerudi!" Rhoda akamwambia kupitia dirishani. "Zimechoka lakini zimerudi!"

Mtambo ulikuja na tope, ukiwa juu ya lori kubwa, na fundi wake aliitwa Delmar, mtu asiyesema sana, mwenye kutafuna kijiti. Kijiji kizima kilikuwa pale. Hakuna aliyesema amekuja kutazama. Kila mtu alikuwa "anapita tu kwenda posta". Bibi Helvi alikuwa ndani, dirishani, pamoja na paka.

Shimo la kwanza lilichimbwa jirani kabisa na tangi lake. Delmar alitoa udongo kwenye mrija mrefu, akauweka kwenye sinia, Rhoda akapiga magoti topeni. Aliupima kwa kidude chake cha kunusa mvuke wa petroli. Akakitazama. Akakigonga kwenye paja. Akapima tena. Halafu akafanya kile ambacho baadaye alisema haruhusiwi kukifanya: akainama, akanusa kwa pua yake.

"Hamna kitu," akasema.

"Hamna nini?" mtu akauliza.

"Hamna petroli. Ni udongo."

Wakachimba upande wa pili wa tangi. Udongo. Wakachimba kati ya kituo na nyumba zetu, mahali ambapo petroli ya Helvi ingelazimika kupita ili ije kwenye bomba langu. Udongo, mchanga, maji safi baridi. Watu wakaanza kutazamana. Yule jirani yangu wa mzaha wa mbele na nyuma akakumbuka kwamba kweli alikuwa anakwenda posta.

Rhoda akasimama, magoti yote tope, akageuka akitazama ardhi inavyoteremka. Maji chini ya ardhi yanafuata mteremko kama yalivyo maji ya juu. Akautazama mteremko kutoka nyumba zetu kwenda juu. Kwa juu palikuwa na kitu kimoja tu: uwanja wa kuegesha magari wa kanisa.

"Delmar," akasema, "peleka mtambo kule."

Mchungaji Lindqvist alikimbia mbele yao, koti linapepea. "Rhoda, hapa ni kanisani!"

"Ndiyo, Mchungaji. Sogea kidogo."

Mrija ulipotoka ardhini safari hii, hakuna aliyehitaji kidude. Waliosimama mbele waliziba pua. Delmar alitoa kijiti mdomoni, ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akisema sentensi nzima. "Mama," alimwambia Rhoda, "msiwashe sigara hapa."

Walipofukua, walilikuta: tangi kuukuu la chuma, limeoza likawa na matundu kama jani lililoliwa na wadudu. Wazee wakakumbuka, sasa walipoliona, kwamba kabla kanisa halijanunua kiwanja kile palikuwa na gereji ya mabasi. Mwenye gereji alikufa zamani, na kampuni yake ilikufa kabla yake. Hakuna aliyewahi kuwaza kwamba mabasi yalikunywa mafuta mahali fulani.

Mchungaji alikuwa mweupe kama kuta za kanisa lake. "Tutafanyaje? Kanisa litauzwa? Rhoda, sisi hatukujua, naapa. Hatuna uwezo wa kufukua jambo kama hili."

"Hakuna atakayeuza kanisa. Hamkuliweka, hamkulitumia, na aliyeliweka hayupo. Matangi yatima kama haya, yasiyo na mwenyewe, ni moja ya kazi za ile ruzuku. Jimbo litalifukua, litabeba udongo, litachimba visima vipya." Akamshika bega. "Pumua, Mchungaji."

Akamwacha pale akipumua, akateremka kwenda kituoni. Mimi nilimfuata. Sikualikwa, lakini nilimfuata.

Bibi Helvi alikuwa amerudi kwenye stuli yake, ameketi wima kama anayesubiri daktari. Rhoda akavua kofia.

"Si lako, Mama. Lako ni zima. Kipimo cha vuli kilitudanganya, ni vali tu ilikuwa inavuta hewa. Nitangoja maabara ithibitishe, lakini nakwambia mimi. Si lako."

"Ni la nani?"

"Liko chini ya kanisa."

Mabega ya Helvi yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kisicho na sauti, mpaka akakohoa, mpaka nikamletea maji.

"Na alinishika mkono!" akasema. "Alinishika mkono akaniambia nikiri!"

Kicheko kilipoisha akashika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. "Nilikwisha amua kuuza nyumba," akasema, kwa sauti ndogo sikuwahi kuisikia kwake. "Nilikwisha mwambia paka."

Aliyelia alikuwa Rhoda. Alilia amesimama, tope limemkauka magotini, kofia mkononi, kama mtu aliyebeba kitu kizito muda mrefu na kaambiwa atue hajui aanzie wapi. Helvi alimvumilia kidogo.

"Basi, basi. Utanilowanishia kaunta." Akamsukumia kitambaa. "Nawe ulisema huenda ni langu."

"Nilisema huenda."

"Ulisema. Na madumu uliendelea kuleta." Akamtazama. "Haya, kufuli. Au nalo linangoja Washington?"

Lilingoja maabara, siku chache, kwa kuwa Rhoda alikuwa Rhoda. Kisha alilifungua mwenyewe, kama alivyoahidi. Siku ile kulikuwa na foleni ya magari kituoni ambayo Harju haijapata kuiona, hata watu wenye matangi yaliyojaa walikuja. Wa kwanza katika foleni alikuwa Mchungaji Lindqvist. Alishuka, akavua kofia, akamwomba radhi mbele ya watu wote, tena vizuri, bila kujitetea. Bibi Helvi akamsikiliza, akashika mpira wa pampu.

"Nimekusamehe, Mchungaji," akasema. "Sasa niambie, unataka ya pampu au unayo ya kanisani?"

Majira yale ya joto malori yalibeba udongo uliochafuka, na nyumba zetu zikachimbiwa visima vipya, virefu, hadi chini ya mwamba. Rhoda alipima maji yetu, akayapima tena, akatuambia tunywe. Akaendelea na kazi ile miaka mingi. Ruzuku ilikwama tena mara moja au mbili, haikukwama kama mwaka ule. Mafuta yake akawa anajaza kwa Helvi, na Helvi akawa anamlalamikia kwamba pikapu lile linamtia aibu kituoni. Kalle alikuja mara moja kutembea, akakuta mama yake na mke wake wa zamani wanabishana kuhusu namna ya kukaanga samaki, akala, akarudi Wisconsin.

Lakini ninachokikumbuka mimi zaidi ni sikukuu ya katikati ya kiangazi, mwaka ule ule. Tulikuwa kando ya ziwa, moto mkubwa umewashwa ufukweni ingawa jua lilikuwa bado juu, watoto wanarukia maji wakipiga kelele kwa baridi yake, Reino anachoma soseji. Rhoda alikuja akaketi kwenye nyasi akisema anapumzisha mgongo, na kabla hatujamletea sahani alikuwa amelala, mdomo wazi, mikono imetupwa huku na huku, katikati ya kelele zote zile. Alilala kama mtoto. Watu wakawa wanamruka kwa juu. Bibi Helvi alivua sweta lake, akamfunika mabegani, akaketi kando yake na fimbo. Kila aliyepita karibu na kicheko kikubwa alionyeshwa ile fimbo.

Yule jirani yangu wa mizaha alileta akodiani yake, akaanza kuivuta.

"Wewe!" Helvi akamwambia. "Peleka hicho kinanda chako kule mbele. Huoni mtu amelala?"